Kulinda na kuunganisha vidhibiti vya jengo: hatua ninazofuata Lubumbashi

Ofisi, hoteli na kliniki kadhaa hapa Lubumbashi sasa zina vidhibiti vinavyoendesha viyoyozi, pampu za maji, jenereta na taa. Vingi vinaongea BACnet, lugha ya vifaa vya majengo iliyotolewa mwaka 1995 na ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa joto na viyoyozi. Vingine vinaongea Modbus, lugha ya mitambo ya viwandani ya mwaka 1979. Zote mbili zilibuniwa bila kufikiria kwamba siku moja mgeni atakuwa kwenye waya uleule. Kidhibiti cha kawaida cha BACnet/IP (BACnet inayopita kwenye mtandao wa kompyuta) kikipata amri ya kuzima pampu, kinaizima. Hakiulizi imetoka kwa nani. Neno la siri uliloweka kwenye ukurasa wake wa wavuti halizuii amri hiyo hata kidogo. Kwa hiyo kazi yetu mafundi ni kuufanya mtandao ukatae kwa niaba ya kidhibiti.

Hatua ya 1: Zunguka jengo

Kompyuta ibaki kwenye begi kwanza. Muombe papa anayetunza jengo funguo zote, pamoja na za chumba cha pampu na za kupandia paani. Andika daftarini kila kidhibiti: kilipo, anwani ya IP, namba yake ya BACnet, toleo la programu yake, na waya wake unaishia wapi. Fungua kila paneli uangalie hadi nyuma ya mlango. Ukikuta kimodemu chenye laini ya simu, kilichofungwa kwa utepe na waliosimika mitambo ili wahudumie wakiwa mbali, huo ni mlango wa uani ambao mwenye jengo hajui kama upo. Zungumza naye, kisha kiondoe.

Sasa fungua Yabe, programu ya bure, na utume ujumbe wa Who-Is, yaani "nani yupo?". Kila kidhibiti cha BACnet kitajitaja. Kinachojibu na hakimo daftarini, kitafute mpaka ukione kwa macho. Namba moja ikitumiwa na vidhibiti viwili, badilisha ya kimoja siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Funga njia ya kutoka intaneti

Ingia kwenye ruta. Futa kila kanuni inayoleta ndani poti ya UDP 47808 (BACnet) au TCP 502 (Modbus), na uzime UPnP, inayoruhusu vifaa kujifungulia poti vyenyewe. Tovuti kama Shodan hupekua intaneti nzima na kuorodhesha vifaa vilivyo wazi, kwa hiyo usitegemee kwamba hakuna anayekijua kidhibiti chako.

Wala si lazima mtu atume amri. Mwaka 2016, mjini Lappeenranta, Finland, shambulio la kufurika kwa data lilifanya vidhibiti vya joto vya majengo vijizime na kujiwasha mfululizo, wakazi wakakosa joto msimu wa baridi. Kufikiwa tu kulitosha.

Hatua ya 3: Tenga mitandao

Vipe vidhibiti VLAN (mtandao uliotengwa kwa mipangilio ya swichi) yao peke yao. Ofisi iwe na yake, wageni wa Wi-Fi yao, kamera yao. Kwenye fayawoli, inayochuja mawasiliano kati ya mitandao hiyo, anza kwa kukataa yote, kisha ruhusu kinachohitajika tu.

Hapa wengi hukwama: Who-Is ni tangazo kwa wote, na ruta haivushi matangazo. Suluhisho la vitabuni ni BBMD, kifaa au programu inayovusha matangazo hayo hadi mitandao mingine, moja kwa kila mtandao. Ukiweka mbili kwenye mtandao mmoja, matangazo yatajirudia. Mimi naona ni bora seva ya usimamizi ikae ndani ya VLAN ya vidhibiti, na watumiaji waifikie kupitia fayawoli kwa HTTPS pekee. Ukinunua vifaa vipya, dai BACnet/SC, aina salama iliyoingia kwenye kiwango cha BACnet mwaka 2019: hiyo husimba mawasiliano na kudai cheti cha utambulisho kwa kila kifaa.

Hatua ya 4: Sahihisha saa

Usiruke hatua hii. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika na betri ndogo ya kidhibiti imekufa, saa yake hurudi nyuma miaka mingi. Ratiba zinavurugika, na cheti cha BACnet/SC kinakataliwa kwa sababu kidhibiti kinaona muda wa cheti haujaanza. Utahangaika na nyaya bure. Weka huduma ya NTP, inayovipa vifaa saa sahihi, ndani ya jengo, hata kwenye fayawoli yenyewe, na uilishe kutoka UPS (betri ya akiba).

Kisha chagua ukanda wa saa wa Africa/Lubumbashi, si Africa/Kinshasa. Sisi tuko UTC+2, wao UTC+1. Ukikosea, viyoyozi vilivyopangiwa saa moja na nusu asubuhi vitawaka saa mbili na nusu, watu wameshaanza kulalamika.

Hatua ya 5: Unganisha kwa kusoma kwanza

Jenereta huongea Modbus mara nyingi. Seva isome kwa kazi namba 03, na kwenye geti (kifaa kinachounganisha Modbus na mtandao) uzuie 05, 06, 15 na 16, ambazo ni za kuandika. Ukisoma volti na kupata namba isiyoeleweka, jaribu kugeuza mpangilio wa rejista mbili (nafasi za kuhifadhi namba, biti 16 kila moja) zinazounda namba moja ya biti 32.

Upande wa BACnet, kitu kinachoamriwa kina ngazi 16 za kipaumbele, na ya 1 ndiyo yenye nguvu zaidi. Ya 8 ni ya mwendeshaji anayeamuru kwa mkono. Mfumo wako ukiandika ngazi ya 8 bila kuiachia, ratiba iliyo ngazi ya 16 haisikilizwi tena: pampu inaendelea kusukuma, na fundi anarekebisha ratiba isiyo na kosa. Fungua Priority_Array (orodha ya ngazi hizo 16) ya pampu kwenye Yabe, utazame nafasi ya 8. Ikiwa na thamani badala ya Null (tupu), kuna amri iliyosahaulika. Amri za mfumo mwingine mimi naziweka ngazi ya 10, na zikimaliza kazi natuma Null.

Hatua ya 6: Huduma ya mbali

VPN tu (njia ya siri iliyosimbwa kupitia intaneti), akaunti moja kwa mtu mmoja, ifunguliwe mwenye jengo anapokubali. Wezi walioingia kwenye mtandao wa maduka ya Target huko Marekani mwaka 2013 walitumia akaunti ya mkandarasi wa majokofu na viyoyozi.

Hatua ya 7: Jaribu

Jiunge na Wi-Fi ya wageni, tuma Who-Is. Kisijibu hata kidhibiti kimoja. Chomoa waya wa intaneti: viyoyozi na pampu lazima viendelee na ratiba zao. Mwisho, kata umeme wa SNEL kwenye swichi kuu, acha jenereta ichukue mzigo, na usubiri kila kidhibiti cha daftarini kijibu tena kikiwa na saa sahihi. Kimoja tu kisipojibu, rudi kwenye paneli yake kabla ya kusaini hati ya makabidhiano.