Anza na tatizo dogo
Anayeanza kujifunza kutengeneza kurasa za wavuti hushika mambo upesi zaidi akijipa tatizo moja dogo, kwa mfano ukurasa wa kujumlisha bei ya nyanya na ya vitunguu, kuliko akitazama video za mafunzo mfululizo. Weka visanduku viwili vya kuandikia bei na kitufe kwa HTML, lugha ya kupanga vilivyomo kwenye ukurasa, kisha uandike hesabu kwa JavaScript, lugha ya kuupa ukurasa uwezo wa kutenda. Huenda ukaingiza 500 na 200 ukapata 500200 badala ya 700, kwa sababu thamani ya kisanduku husomwa kama maandishi, na alama ya kujumlisha huyaunganisha maandishi. Tafadhali usikimbilie kunakili jibu, kwani hapo ndipo penye somo lenyewe. Bonyeza F12 kwenye kompyuta, fungua konsoli, yaani sehemu ya kivinjari ya kujaribia msimbo, kagua kila thamani kwa typeof, neno la JavaScript linaloonyesha aina ya thamani, ndipo uigeuze kuwa namba kwa Number kabla ya kujumlisha.