Kaa kwanza, ndipo upulize

Kwa anayetumia dawa ya kupuliza ya nitrogliserini kifua kinapobana: kaa kwenye kiti kabla hujapuliza. Dawa hii hutanua mishipa ya damu, moyo ukapumzika, lakini presha nayo hushuka ghafla. Aliyesimama huona kizunguzungu na anaweza kuanguka. Usitikise chupa. Inua ulimi, puliza chini yake, funga mdomo, na usivute pumzi wakati wa kupuliza, maana haiendi mapafuni. Kichwa kikigonga kidogo baadaye, usishtuke. Chupa mpya ipulizwe kwanza hewani, mbali na uso, mpaka itoe ukungu laini. Hili wengi hulisahau, halafu siku ya shida inatoka hewa tupu.

Subiri dakika 5, rudia mara moja kama ulivyoelekezwa. Dakika 5 nyingine zikipita bado kunauma, au maumivu yakizidi hata kabla ya hapo, ita ambulensi. Hiyo si ya kupuliza tena.

Na wanaume, semeni ukweli kwa daktari: ukiwa umemeza dawa ya nguvu za kiume, yaani sildenafili ndani ya saa 24 zilizopita, au tadalafili ndani ya saa 48, usiiguse kabisa dawa hii ya kupuliza. Presha inaweza kuporomoka vibaya.