Kuandika mji wa mpakani unaojengwa upya na binadamu na wanaojigeuza

Kabla ya sura ya kwanza, amua kujigeuza kutoka mtu kuwa mnyama kunagharimu nini: kunachukua muda gani, mwili unadai nini baadaye, na nguo zinaenda wapi. Hilo la nguo wengi hulisahau, kisha mhusika anarudi kuwa mtu katikati ya kikao na msomaji anacheka pasipostahili. Uzito nao: mtu wa kilo 70 akigeuka fahali wa kilo 600, hizo 530 zimetoka wapi? Jibu lolote linakubalika, mradi lisibadilike sura ya kumi.

Kisha gawa kazi za kweli. Mawe ya chokaa huchomwa tanurini kwa nyuzijoto 900 hivi, huzimwa kwa maji, halafu chokaa huchanganywa na mchanga, sehemu 1 kwa 3. Fahali avute magogo, binadamu akeshe na moto. Ukimwachia fahali kila kitu, binadamu wanabaki watazamaji na hadithi inakufa. Dawa yake: fahali huyo anakula kama fahali, na malisho yote yaliungua.

Ugomvi usiuanzishe kwa chuki ya jumla. Anzia kwenye lango. Binadamu wanataka lifungwe jua likizama. Wawindaji wa usiku, wale wanaojigeuza mbwa mwitu, watarudi vipi?

"Mlinzi atamtofautishaje mbwa mwitu wetu na wa porini?"

Swali hilo linabeba sura mbili. Na kama lango litagoma kufungika usiku wa shambulio, taja mapema kwamba mbao zake zilipigiliwa mbichi, zikikauka hupinda.