Jinsi ya kulinda kiota cha kasa, tangu mayai yanapotagwa mpaka watoto waingie baharini

Kila kijana anayejiunga na doria yetu ya ufukweni hapa Mafia namwambia neno moja kabla ya yote: kiota kilicho salama zaidi ni kile ambacho mkono wako haukukigusa. Nilijifunza hilo kwa uchungu. Msimu wangu wa kwanza nilikuta kiota karibu na maji, jua likiwa limeshapanda. Niliyatia mayai kwenye ndoo, nikaifunga nyuma ya baiskeli, nikayapeleka sehemu ya juu. Nikasubiri siku sitini na zaidi, hakutoka hata mmoja. Tulipofukua tulikuta mayai zaidi ya mia yameoza. Saa chache baada ya yai kutagwa, kiinitete hujishika kwenye ganda upande wa juu. Ukiligeuza yai au ukalitikisa baada ya hapo, kinakufa humo humo ndani.

1. Anza kijijini

Nenda kwanza serikali ya kijiji, kwa BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia rasilimali za uvuvi) na kwa afisa uvuvi wa wilaya. Kama ufukwe uko ndani ya hifadhi ya bahari, nenda pia kwa wahifadhi. Kushika mayai ya kasa bila kibali ni kosa, hata ukiwa na nia njema.

Halafu kaa na wavuvi. Usifungue mazungumzo kwa sheria. Mwamkie mzee wa ufukwe, "Shikamoo babu," kisha muulize zamani kasa walikuwa wakipanda wapi na siku hizi wanapanda wapi. Atakuonyesha sehemu ambazo ungezitafuta miaka miwili. Mazungumzo yakishakolea, zungumzieni nyama. Machi 2024, kisiwani Panza kule Pemba, watoto wanane na mwanamke mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Sumu yake haiishi kwa kupika, na nyama yenye sumu huwezi kuitambua kwa macho wala kwa ladha. Nimeona habari hiyo ikizuia visu kuliko tangazo lolote la faini.

2. Tembea alfajiri

Toka kabla watu hawajakanyaga mchanga, fuata mstari wa maji kujaa. Unatafuta mburuzo unaotoka baharini na mwingine unaorudi. Kasa wa kawaida husukuma mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, hivyo alama zake zinalingana kulia na kushoto, na njia yake hufika upana wa mita moja hivi. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, hutambaa kwa kupokezanisha mapezi, alama zake hupishana na njia yake ni nyembamba. Hapa Tanzania wanaotaga ni hao wawili.

Si kila mburuzo una kiota. Kasa akiona mwanga au akisikia kishindo hugeuka akarudi bila kutaga. Ukiona njia imepanda na kushuka bila mchanga kurushwarushwa, andika tu kwamba alipanda, uendelee.

Usichome mchanga kwa kijiti kutafuta mayai. Wezi ndio wanaofanya hivyo, na kijiti kikitoboa yai moja, kaa na siafu watafuata harufu mpaka yaliyobaki. Papasa kwa kiganja: juu ya mayai mchanga ni laini, mkono unazama. Chimba polepole kwa vidole mpaka uguse yai la kwanza, kisha fukia.

3. Amua: kiache au kihamishe?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu kuhamisha kunaonekana ndiyo kazi yenyewe. Tazama mstari wa mwani na takataka ulioachwa na bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), si wa maji ya jana. Kama kiota kiko juu ya mstari huo, hasa kama kiko kwenye mlakasa, ule mmea unaotambaa juu ya mchanga wa pwani, kiache. Kama bamvua litakifunika, kihamishe. Kulowa kidogo mara moja si msiba, kinachoua ni maji kukaa.

Kuna mahali pasipo na chaguo. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, zamani kilikuwa na miti na kasa wengi. Leo ni fungu la mchanga ambalo bamvua hulifunika lote. Viota vya pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, bara, la sivyo vyote vitazama.

4. Ukilazimika kuhamisha

Fanya usiku huo huo au alfajiri hiyo, ndani ya saa chache tangu atage. Ukichelewa, acha.

Pima kina cha kiota kabla hujatoa chochote. Cha kasa wa kawaida hufika sentimita 70 au 80 chini, kama mkono mzima mpaka begani. Weka mchanga mbichi kwenye ndoo. Toa yai mojamoja, upande uliokuwa juu ubaki juu, na uhesabu. Beba kwa miguu, taratibu, ndoo isipigwe na jua. Shimo jipya liwe na kina kile kile na umbo la mtungi: shingo nyembamba, chini pana. Rudisha mchanga mbichi kwanza, mkavu uwe wa mwisho.

Kina si jambo dogo, kwa sababu joto ndilo linaloamua jinsia. Kwenye nyuzi 29 hivi hutoka madume na majike, joto likizidi majike huwa wengi. Ukichimba shimo fupi juani utaubadilisha uzao mzima.

5. Ficha, kisha linda

Futa mburuzo kwa tawi. Usisimike bendera, pima umbali kutoka miti miwili uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Pakiwa na mbwa au kenge, laza wavu wenye matundu yanayompitisha mtoto wa kasa, uufukie kingo.

6. Kuanzia siku ya 50

Mchanga juu ya kiota ukididimia kidogo, watoto wako njiani. Ondoa magogo na plastiki mbele yao. Waombe wenye nyumba na hoteli wazime taa za upande wa bahari, maana watoto hufuata mwanga na wataishia barabarani. Hutoka usiku, wote kwa mkupuo. Waache watambae wenyewe. Usiwabebe mpaka majini, usiwaweke kwenye beseni ili wageni wapige picha asubuhi: nguvu waliyozaliwa nayo ni ya kuogelea kuvuka miamba, ikiishia kwenye beseni wataingia baharini wamechoka.

7. Fukua na uhesabu

Subiri siku tatu baada ya kundi kutoka. Chimba kwa mkono, tenga maganda matupu na mayai yaliyoharibika, linganisha na hesabu ya mwanzo. Mara nyingi utamkuta mmoja wawili wamenaswa kwenye mizizi, wangali hai. Wasubirishe kivulini penye mchanga mbichi, uwaachie jua likizama. Fukia maganda, sawazisha mchanga, kunja wavu uupeleke kwenye kiota kinachofuata.