"Usiku Mtakatifu": anza na adungu, kinanda baadaye

Kama kwaya yako huimba "Usiku Mtakatifu" kila Krismasi na bado unasikika kama wimbo wa matanga, zima kinanda kwanza. Huu ulizaliwa na gitaa. Tarehe 24 Desemba 1818 Joseph Mohr, padri wa miaka 26, alimpelekea mwalimu wa shule Franz Xaver Gruber shairi lake, akamwomba atunge sauti mbili na gitaa. Usiku uleule wakauimba kanisani Oberndorf, karibu na Salzburg, Austria: Mohr sauti ya tena (ya juu ya kiume) na gitaa, Gruber besi, kwaya ikirudia mistari ya mwisho ya kila ubeti. Ile hadithi ya panya kutafuna kinanda cha kanisa watoto wanaipenda, lakini haina ushahidi. Usiihubiri.

Hapa Arua, Uganda, magitaa yapo, ila mimi nachagua adungu, kinubi cha Waalur, ile ya ngazi ya noti saba. Kaza nyuzi zimfuate mwimbaji, si yeye azifuate. Mpigaji ahesabu sita: kidole gumba kwenye uzi mnene kwa moja na kwa nne, vidole vingine vijaze mbili-tatu, tano-sita. Mabega yakianza kuyumba kama ya mama anayebembeleza mtoto, mwendo umepatikana. Waimbe wawili tu, mmoja sauti ya tena na mmoja besi, wengine wangoje mistari ya mwisho. Soprano watanung'unika, wazoee.

Sasa maana. Mohr aliandika maneno haya mwaka 1816 huko Mariapfarr. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha juzijuzi, na mwaka ule baridi iliharibu mazao Ulaya, kwa sababu ya majivu ya mlima Tambora uliolipuka Indonesia mwaka 1815. Shairi lina beti sita, makanisa mengi huimba tatu, na mmoja kati ya zinazoachwa ndio ninaoupenda kuliko zote: wa nne, ambamo Yesu anawakumbatia mataifa ya dunia kama ndugu yao. Kwenye kwaya yangu wamo Walugbara, Waalur na vijana wa Sudan Kusini wanaotoka kambi ya wakimbizi ya Rhino, tunakutana kwa Kiswahili. Hapo sihitaji kueleza sana.

Mpe mmoja wao ausome ubeti huo katikati ya wimbo, adungu ikiendelea chinichini, kisha kwaya yote iingie kwa sauti nne. Mpiga kinanda akinuna, mwachie ubeti wa mwisho.