Kabla ya Kupima Macho na Kuagiza Miwani: Mambo ya Kuzingatia kwa Mkaazi wa Unguja na Pemba

Mtu anayekwenda kupimwa macho aghalabu hudhani kwamba anafuata kitu kimoja, ilhali anafuata vitu viwili vyenye gharama mbili: kipimo, na miwani yenyewe. Kipimo ni kazi ya daktari au mtaalamu wa macho, na mwisho wake ni karatasi yenye namba. Miwani ni fremu na lenzi, na fundi huitengeneza kwa kufuata namba hizo. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 tumezoea kwamba matibabu katika hospitali za serikali hutolewa bila ya malipo, na kwa mazoea hayo wengi wetu hufika dirishani tukiamini kwamba miwani nayo imo ndani ya matibabu, kisha tukatajiwa bei ambayo hatukuijia. Nimewaona wazee wakiikunja karatasi kwa heshima, wakashukuru, wakarudi nyumbani, na karatasi ile ikalala chini ya godoro mpaka namba zake zikapitwa na wakati. Kwa hiyo suala la nani atalipa, na atalipa kiasi gani, lipatiwe jibu kabla ya mtu kukaa kwenye kiti cha kupimwa.

Hata kabla ya fedha, ni lazima kujiuliza kama tatizo lenyewe ni la miwani. Anayepoteza kuona ghafla, anayeona mimweko kama ya umeme au pazia jeusi likishuka upande mmoja, mwenye jicho jekundu linalouma sana, au mtoto ambaye mboni yake inaonekana nyeupe, hao wote wapelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala wasipitishwe kwanza dukani. Mtoto wa jicho pia hauondoki kwa miwani, kwa sababu ukungu umo ndani ya jicho lenyewe na tiba yake ni upasuaji. Presha ya macho ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani hula uoni kidogo kidogo kuanzia pembeni bila ya maumivu, na kinachopotea hakirudi; aliyevuka miaka 40, hasa ambaye mzazi au ndugu yake amepata ugonjwa huo, aombe kupimwa presha ya macho na kuangaliwa mshipa wa jicho siku anapopimwa miwani. Mwenye kisukari ambacho hakijatulia asubiri kwanza, kwa sababu sukari inapopanda na kushuka nguvu ya lenzi ya jicho hubadilika nayo, na miwani iliyopimwa wiki hii yaweza kuwa haina kazi baada ya wiki chache.

Kwa aliyepo Unguja, njia iliyozoeleka ni kuanzia kituo cha afya kilicho karibu, kisha kupelekwa mbele hadi Mnazi Mmoja inapobidi. Kwa aliyepo Pemba, aanze na hospitali iliyo karibu naye, iwe Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee ya Mkoani, na amtume mtu au apige simu kuuliza siku za kliniki ya macho. Mtu wa Micheweni anayepanda daladala alfajiri akakuta kwamba siku ya macho ilikuwa jana amekwisha kupoteza sehemu ya fedha za fremu. Muulizeni pia mtoa huduma kama lenzi zinachongwa papo hapo au zinaagizwa Unguja ama Dar es Salaam, kwa sababu jibu hilo ndilo litakaloonesha kama safari ni moja au mbili, na kama kuna nauli ya boti ya kuhesabiwa. Nauli ni sehemu ya bei ya miwani, ingawa watu wengi hawaiandiki.

Nyaraka zikusanywe usiku wa kuamkia safari, si asubuhi. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kwa mtu mzima, cheti cha kuzaliwa kwa mtoto, daftari au kadi ya hospitali, orodha ya dawa anazotumia, na miwani ya zamani hata kama imevunjika mkono, kwani mtaalamu anaweza kuzisoma nguvu zake kwa mashine na kujua macho yamebadilika kwa kiasi gani. Asiye na uwezo achukue na barua ya sheha wa shehia yake. Barua hiyo ni vyema itaje jambo mahususi, yaani kwamba fulani anahitaji msaada wa kugharimia miwani, badala ya maneno ya jumla ya kumtambulisha mkaazi, kwa sababu mtu atakayeisoma mbele ya safari anataka kujua anaombwa nini.

Wanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya 2023, na wale wenye bima nyengine, waulize maswali yao kwa mfuko wenyewe na si kwa jirani aliyewahi kupata miwani. Je, fungu langu linalipia kipimo pekee au na miwani pia? Likilipia miwani, linagusa fremu na lenzi zote mbili, na ukomo wake ni kiasi gani? Mtu hupewa baada ya muda gani tangu mara ya mwisho? Wategemezi wangu wamo? Ni vituo na maduka gani yenye mkataba? Na swali ambalo watu hulisahau: kibali kinatakiwa kabla ya kuagiza au baadaye? Palipo na kanuni ya kibali cha awali, aliyetangulia kununua akifikiri kwamba atarejeshewa hujikuta na risiti isiyomsaidia. Risiti na karatasi ya kipimo ziandikwe jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye kadi yake, kwa majina yote matatu, kwani tofauti ya herufi moja hutosha kulirudisha dai.

Asiye na bima bado ana milango ya kubisha. Miwani kwa maskini asiyeona ni haja ya kweli, na kwa hivyo ni mahali pa kutoa zaka. Yapo maombi yanayoweza kupelekwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na ipo misikiti ambayo imamu wake anawajua watu wa mtaa na wenye uwezo wao. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo kinamama wa Unguja na Pemba wameviendesha kwa uaminifu mkubwa, huwa na mfuko wa jamii kwa ajili ya maradhi na misiba. Ni haki ya mwanachama kuuliza kama miwani inahesabiwa humo, na kama haihesabiwi, kuiweka ajenda ya kikao. Mzee anayepokea Pensheni Jamii, inayotolewa tangu 2016 kwa waliotimiza miaka 70, anaweza kusaidiwa na wanawe kutenga kidogo kila mwezi ili siku ya kipimo ikute nusu ya fedha ipo. Zipo pia kambi za macho zinazotangazwa kwa masheha na misikitini, ambapo upimaji na pengine miwani hutolewa bure au kwa bei ndogo. Popote utakapoomba, nenda na bei iliyoandikwa na duka, yenye mhuri, ikitenganisha fremu na lenzi. Anayetoa huwa mwepesi anapoona kiasi kamili, na huwa mzito anapoambiwa tu kwamba miwani ni ghali.

Sasa karatasi yenyewe, ambayo naiona kuwa ndiyo mali ya mgonjwa kuliko miwani. Niliwahi kutengenezewa miwani katika duka moja la mjini bila ya kupewa namba zangu, nami sikuziomba. Miezi mitano baadaye fremu ilivunjika katikati ya pua, nikarudi, nikaambiwa kwamba kumbukumbu hazionekani, na nikalazimika kupimwa na kulipa upya kana kwamba sijawahi kufika pale. Tangu siku hiyo sitoki kwenye chumba cha kipimo bila ya nakala mkononi na picha yake kwenye simu. Mwenye karatasi anaweza kuuliza bei katika maduka matatu. Asiyekuwa nayo ni mfungwa wa duka moja.

Na karatasi hiyo isomeke. OD au R ni jicho la kulia, OS au L ni la kushoto. Chini ya SPH kuna namba yenye alama ya kutoa kwa asiyeona mbali vizuri, au ya kujumlisha kwa ambaye jicho lake linahitaji kuongezewa nguvu, na namba hizo hupanda kwa robo robo: 0.25, 0.50, 0.75. CYL na AXIS hujazwa pale ambapo mviringo wa jicho hauko sawa pande zote, na haiwezekani kuwa na CYL bila ya AXIS, hivyo ukiona moja pekee rudi ndani uulize. ADD ni nyongeza ya kusomea. Ipo na PD, umbali baina ya mboni mbili kwa milimita, ambao kwa watu wazima walio wengi huwa kati ya 54 na 74. Namba hii huachwa mara nyingi, nawe iombe iandikwe, kwa sababu kitovu cha lenzi kisipokaa mbele ya mboni mtu huumwa na kichwa na kulaumu macho yake.

Kwa waliovuka miaka 40 ambao shida yao ni ya karibu tu, gharama inaweza kuwa ndogo sana, kwani miwani ya kusomea iliyotengenezwa tayari hutosha pale ambapo macho yote mawili yana nguvu moja na hayana CYL. Jirani yangu wa Wete hushona kofia za viua. Alifikia hadi ya kuishika sindano urefu wa mkono wote mbele ya dirisha, akamwita mjukuu amtilie uzi, na mjukuu akienda chuoni kazi husimama. Katika utafiti uliofanywa Bangladesh na kuchapishwa 2024, watu wa miaka 35 hadi 65 waliopewa miwani ya kusomea walikuwa, baada ya miezi 8, na kipato kilichozidi kwa takriban asilimia 33 kile cha wenzao ambao hawakupewa. Nikimtazama jirani yangu, na wachaguaji wa karafuu wanaotenga makonyo kwa vidole, sioni ajabu. Lakini nguvu ya miwani hiyo hutegemea umbali wa kazi. Msomaji wa msahafu uliopo kwenye marufaa na mshonaji anayeikurubisha kofia usoni hawatumii namba moja, hivyo kabla ya kwenda pimeni kwa uzi umbali kutoka jichoni hadi kazini, mfunge fundo, mwende na uzi huo kwa mtaalamu.

Mtoto wa skuli ni habari nyengine. Huenda akatiwa dawa ya matone ili kipimo kiwe sahihi, na ataona ukungu kwa saa kadhaa au zaidi, kwa hiyo asipangiwe mtihani siku hiyo, na awe na mtu wa kumshika mkono kurudi. Lenzi zake ziwe za polikaboneti, yaani plastiki ngumu isiyovunjika kwa urahisi, si za kioo.

Kuhusu fremu, chagua kwa bajeti na si kwa kabati la mbele. Lenzi za kawaida za plastiki zinatosha kwa namba ndogo. Lenzi nyembamba ni za mwenye namba kubwa, na zile zinazobadilika rangi juani ni anasa ambayo mwenye fedha chache anaweza kuiacha bila ya kudhurika. Anayefanya kazi ya mwani achague fremu ya plastiki, kwa sababu maji ya bahari hula skrubu na bawaba za chuma, na kila jioni aioshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kabla ya kuipangusa. Miwani ya marehemu, au ile iliyotumwa na ndugu kutoka nje katika sanduku la nguo, msiivae kwa kuwa imepatikana bure. Imechongwa kwa macho ya mtu mwengine, kwa PD ya mtu mwengine. Fremu yake, ikiwa nzima, mpelekee fundi na muulize kama anaweza kuitilia lenzi zako, kwani hapo utakuwa umeokoa gharama ya fremu.

Siku ya kuchukua miwani, usimalizie kulipa kabla ya kuijaribu. Omba fundi aisome kwenye mashine mbele yako na uilinganishe na karatasi, tembea nayo hadi mlangoni, shuka ngazi, soma kibao cha upande wa pili wa barabara. Jirani yangu alitia kofia na sindano mkobani. Alikaa pale dukani, akalamba ncha ya uzi, akautia kwenye tundu mara ya kwanza, kisha akatoa fedha iliyobaki.