Namna ya Kufungua Pochi ya Bitikoini kwa Saini Mbili kati ya Tatu

Kikundi cha watu watatu hapa Tanga kinachoweka akiba yake kwa bitikoini hakipaswi kumwachia mweka hazina ufunguo pekee, kwa sababu simu yake ikizama baharini, au yeye mwenyewe akishawishika, fedha zote zimekwenda. Dawa yake ni pochi ya saini nyingi, na kwa watu watatu mpango unaofaa ni saini mbili kati ya tatu: kila mmoja ana ufunguo wake, na fedha hutoka pale wawili wowote wanaposaini.

Kila mwanachama atengeneze ufunguo kwenye kifaa chake mwenyewe na ayaandike kwa kalamu yale maneno 12 au 24 ambayo kifaa humpa ili aurejeshe ufunguo kikipotea, wala asiyapige picha. Karatasi moja ikae Ngamiani, nyingine Chumbageni, ya tatu Pangani. Zote zikiwa kabati moja, hamjafanya kitu. Kisha ingizeni funguo za hadharani, ambazo haziwezi kutoa fedha, si za siri zinazosaini, kwenye programu inayoziunganisha na kutoa anwani ya pamoja ya kupokelea fedha.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza: maneno ya watu wawili peke yake hayatoshi kuirejesha pochi, kwani programu huhitaji pia funguo zote tatu za hadharani, hivyo kila mmoja ahifadhi nakala ya faili la mpangilio wa pochi, lenye funguo hizo tatu.

Wakati wa kutoa fedha, mmoja huandaa muamala na kuusaini, na mwenzake huhakiki anwani na kiasi kwenye kioo cha kifaa chake ndipo naye asaini. Anzeni na kiasi kidogo, mkitoe tena, halafu mfute pochi na kuijenga upya kwa karatasi zenu na lile faili kabla ya kuweka akiba yenyewe.